Anayejua Kuogelea Hatumtaki

Msomaji, kama gazeti la juma lililopita ulilifungia makayabu, wale samaki wa chumvi, kabla ya kufika ukurasa huu, usijali, hukupoteza mengi. Tulimwacha Victoire ameketi mbele ya meza ya Monsieur Arthur, mkurugenzi wa kampuni ya boti iitwayo Bomoi Fluvial. Bomoi kwa Kilingala ni uhai. Likumbuke jina hilo, maana wenye kampuni walikwisha kulisahau.

Victoire alikuwa amejibu maswali kumi na moja bila kukosea hata moja. La kumi na mbili lilikuwa jepesi kuliko yote.

"Mademoiselle, unajua kuogelea?"

Victoire ni mtoto wa Yanonge, wa ukoo wa watu wa mto. Kwao mtoto hujua kuogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Ndiyo, monsieur le directeur. Muzuri kabisa."

Monsieur Arthur akalifunga faili.

"Bon. Mwenye kujua kuogelea hatumutaki."

Hapo ndipo tulipokatia. Tuendelee.

Victoire alidhani amesikia vibaya. Juu ya dari feni ilikuwa ikikoroma, na katika ofisi ya Kisangani yenye feni inayozunguka mtu huwa tayari kusamehe mengi.

"Pardon, monsieur?"

"Kazi ni ya agent de sécurité ya abiria, si ndiyo? Ule agent mwenye tulikuwa naye mbele yako, alikuwa anajua kuogelea. Champion! Siku boti iligonga muchanga, njo yeye mutu wa kwanza kufika ku ngambo. Tulimukuta kule anakula pondu. Donc, sisi tunatafuta mutu mwenye atabakia na batu."

"Na abiria?"

"Abiria gani?"

"Bale benye walibakia ndani ya boti."

Monsieur Arthur alitazama feni.

"Siku ile maji haikukuwa mingi," alisema.

Victoire akasimama, akaokota bahasha yake ya kaki. Miaka miwili alikuwa akiizungusha ile bahasha kutoka Mangobo hadi katikati ya mji, diploma ndani, jua la saa sita juu, hata pembe zake zilikuwa zimekuwa laini kama kitambaa. Alikwisha kataliwa kwa kukosa uzoefu, kwa kukosa mtu wa kumsindikiza, na mara moja kwa sababu ya viatu. Kukataliwa kwa kujua kazi, hii ilikuwa mpya.

Alikuwa amekwisha shika kitasa cha mlango.

"Ngoja kwanza."

Mkurugenzi alikuwa amelifungua tena lile faili, ukurasa wa kwanza kabisa, pale panapoandikwa jina, mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi. Macho yake yalisimama mahali fulani. Uso ukabadilika kama wa mtu aliyetia mkono katika suruali kuukuu akakuta noti.

"Victoire! Lakini bailleurs, bale benye kutoa feza, wanataka mwanamuke. Genre, mademoiselle, genre! Kuogelea, tunakusamehe. Formation inaanza kesho saa mbili, ku Kabondo. Usichelewe."

Victoire alitoka nje akicheka peke yake barabarani. Amesamehewa kuogelea! Alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Mangobo, akamkumbatia mama yake, mama Annette, aliyekuwa akipanga samaki wa moshi kwenye kikapu. Mama akasikiliza habari yote, kisha akauliza swali moja tu.

"Na aliona nini mule ndani ya faili?"

Victoire akamsaidia kufunika kikapu. Furaha haipendi maswali.

Mafunzo, wasomaji wangu, yalikuwa ya siku tatu, katika ukumbi wa sherehe kule Kabondo ambao ulikuwa umetoka kwenye arusi. Ukutani bado kulikuwa na riboni na maandishi ya karatasi inayong'aa: JULIE NA HAMADI, MAPENDO YA MILELE. Chini yake walikaa wanafunzi wanne wa kuokoa maisha ya watu.

Mwalimu aliitwa Maître Carlos. Alikuwa ametoka Kinshasa kwa ndege, na suti yake ilikuwa bado haijaamini kwamba imefika. Kuhusu mto alizungumza vizuri sana, kama mtu anavyozungumza juu ya shangazi anayeishi Ulaya. Hakuwahi kupanda boti. Siku ya kwanza, kabla ya kujitambulisha, aliuliza kama ni kweli kwamba mamba wa mto Tshopo hupanda ngazi za hoteli.

Saa mbili na nusu akawasha projekta. Saa mbili na dakika thelathini na moja umeme ukaondoka.

"Hakuna shida," alisema Maître Carlos, akiuelekezea kidole ukuta mtupu. "Hapa mungeona mutu anazama. Hapa sasa, mungeona mutu mwenye hazame. Mumeona différence?"

"Tumeona, maître," alijibu Clovis.

Huyu Clovis mkae naye vizuri, maana tutamhitaji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi shule ilipofungwa, ana mke na binti wa miaka minne, na imani yake ilitosha kugawia kata nzima. Alikuwa na daftari jipya. Aliandika kila kitu, hata Maître Carlos alipokohoa.

"Maître, kama mutu anazama," aliuliza Clovis, "tunamuita kwa jina ao kwa namba ya tiketi?"

"Excellente question! Namba kwanza. Ni professionnel."

Clovis akaandika: namba kwanza.

Siku ya pili ilikuwa ya vitendo. Benchi lilikuwa boti na saruji ilikuwa mto. Kulikuwa na gilet moja, lile koti la rangi ya machungwa la kumfanya mtu aelee, na walipokezana watu wanne. Maître Carlos alilivaa kwanza ili kuwaonyesha. Alilivaa kifua mgongoni.

"Maître," alisema Victoire taratibu, "hivi, mutu akianguka, uso yake itabakia ndani ya maji."

Clovis akaacha kuandika.

"Mademoiselle, formateur ni nani hapa?"

"Ni wewe, maître."

"Alors."

Akalivua, akalivaa upya, sasa sawasawa, akaeleza kwa dakika kumi kwamba alikuwa amefanya makusudi ili kupima umakini wao.

"Na ku maji yenyewe tutaenda lini?" aliuliza Victoire.

"Maji ni module ya pili."

"Na module ya pili ni lini?"

"Kisha évaluation ya module ya kwanza."

"Na évaluation?"

Maître Carlos akatazama saa yake, akatangaza mapumziko.

Utasema, huyu binti mbona asiondoke? Msomaji, wewe una kazi. Victoire alikuwa na miaka ishirini na sita na bahasha ya kaki. Alipumua, akapanda juu ya benchi, akazama kwenye saruji kama wenzake, akaokolewa na Clovis kwa namba.

Siku ya tatu, Jumamosi, mambo yakageuka. Walipelekwa bandarini, na pale lilikuwa limesimama lori lenye gilets mia moja na ishirini, mpya kabisa, kila moja katika mfuko wake wa plastiki. Majini ilikuwa baleinière mpya ya kampuni, ile mashua kubwa ya mbao yenye injini, imepakwa rangi ya buluu siku hiyo hiyo. Kesho yake, saa tatu asubuhi, ingekwenda Isangi safari yake ya kwanza.

Victoire alilizunguka lori lote akizihesabu. Kumbe alikuwa amewadharau bure. Gilets mia moja na ishirini! Katika mto ule, ambapo watu husafiri wameshikilia magunia yao tu na jina la Mungu!

"Muvae kwa photo," alisema Maître Carlos. "Lakini musipasue plastique!"

"Tutavaa namna gani na plastique?"

"Juu yake, mademoiselle. Juu yake."

Victoire akacheka, akalitoa lake kwenye mfuko, akalivaa. Picha ikapigwa: yeye mbele, Clovis kando, buluu nyuma yao. Kisha mshipi ukakwama. Akauvuta. Mshono wa ubavuni ukaachia, na kitu cha manjano kikachungulia nje.

Alikitambua mara moja. Alikuwa akikilalia kila siku. Ilikuwa sponji ya godoro.

"Umeharibu!" alipiga kelele Maître Carlos. Kisha, alipoona wapita njia wanageuka kutazama, akashusha sauti. "Bon, bon. Ile sasa ni yako. Souvenir ya formation. Beba kwenu."

Alibeba kwao. Nyuma ya nyumba kulikuwa na pipa la maji ya mvua. Jikoni mama Annette alikuwa amebandika makemba, ndizi zile ngumu ambazo hazina haraka. Victoire alilifungia gilet jiwe la ukubwa wa ngumi, akaliweka juu ya maji. Gilet la kweli hubeba mtu mzima na hofu yake yote, haliwezi kushindwa na ngumi moja.

Lilielea. Victoire akamtazama mama yake aliyekuja mlangoni, akataka kucheka.

Halafu likaanza kunywa. Lilikunywa bila haraka, kama mgeni anayejua hatafukuzwa. Mabega yakaingia, kola ikaingia, viputo vitatu vikapanda juu. Makemba hayajalainika, gilet lilikuwa limefika kitako cha pipa.

Mama Annette aliinama, akatazama ndani. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanda na kushuka mto ule na vikapu vyake vya samaki.

"Bila kitu, mutu anajua iko na mikono yake tu," alisema. "Anapambana. Lakini hii, anavaa, anatulia. Anangoja imuokoe."

Victoire hakungoja hata makemba. Alilitoa gilet kwenye pipa, akapanda moto, likamlowesha dereva mgongoni hadi mjini.

Monsieur Arthur alikuwa bado ofisini. Alilitazama gilet likidondosha maji juu ya zulia lake, kisha akafanya kitu ambacho Victoire hakukitarajia. Alipiga makofi.

"Bravo! Nilisema ku Carlos, huyu mutoto ana akili. Kuanzia leo, wewe ni chef d'équipe, mukubwa ya wenzako."

"Monsieur le directeur, hizi zinazama."

"Zinazama ndani ya pipa. Boti haipite ndani ya pipa." Akasukuma karatasi juu ya meza. "Tia saini hapa. Formalité."

Victoire akasoma. Mimi, Victoire Lifoko, nimepima mwenyewe gilets mia moja na ishirini za boti hii, na nathibitisha kwamba zote zinaelea.

"Kwa nini mimi? Clovis anaweza kutia saini hata sasa hivi, na muandiko muzuri."

"Clovis ni mutoto ya nani?" Mkurugenzi aliinuka, akafungua kabati, akakunjua bango kubwa. Ilikuwa ile picha ya asubuhi, tayari imechapwa, uso wa Victoire ukubwa wa sinia. Chini yake: SAFIRI SALAMA NA BINTI WA CAPITAINE TÉLESPHORE.

Sasa Victoire akajua macho yale yalisimama wapi katika lile faili.

Papa Télesphore Lifoko! Kutoka Kisangani hadi Isangi, kila kijiji cha ukingoni kilimjua. Miaka thelathini kwenye usukani, na hajawahi kupoteza hata abiria mmoja. Akina mama walikuwa wakingoja boti yake siku tatu badala ya kupanda ya mwingine leo. Kisha mwenye boti akaiuza, na tangu hapo, miaka minne sasa, mzee aliketi Yanonge akitazama boti za wengine zikipita. Genre! Bailleurs! Walichotaka Bomoi Fluvial ni jina la mzee, na binti alikuwa mpini wake tu.

Victoire aliichana ile karatasi mara mbili.

"Ninayo ingine," alisema Monsieur Arthur, bila hasira yoyote. "Boti inaondoka kesho saa tatu. Na wewe, ao bila wewe."

Ofisi ya bandari ilikuwa imekwisha fungwa. Jumamosi ni Jumamosi. Victoire alipanga kurudi asubuhi, mapema, amkute afisa wa zamu kabla abiria hawajapanda.

Alfajiri ya Jumapili mvua ikanyesha kama iliyotumwa na Monsieur Arthur, na Mangobo ikawa matope hadi magotini. Hakuna moto uliosogea. Victoire alitembea kwa miguu, viatu mkononi. Alipofika bandarini ilikuwa saa mbili na nusu, na mabango yenye uso wake yalikuwa yamebandikwa hata kwenye choo.

Watu walikuwa wamejaa. Mwanamke mmoja alimshika mkono.

"Si ni wewe? Mutoto ya papa Télesphore! Nilikuwa nasafiri juma yenye kuja, nikaona sura yako, nikasema ninaenda leo. Mungu akubariki!"

"Mama, usipande."

Mwanamke akacheka. Akamwonyesha rafikiye bango, kisha akamwonyesha Victoire, wote wakacheka. Binti mcheshi kweli! Wakapanda.

Alimkuta afisa wa zamu kwenye meza yake, kijana mpole mwenye mhuri.

"Muzuie ile boti. Gilets ni sponji ya matelas. Zinazama."

Afisa alipekua karatasi zake, akaisoma moja, akakunja uso.

"Mademoiselle, jina yako ni nani?"

"Victoire Lifoko."

"Basi wewe mwenyewe umeandika zinaelea. Leo asubuhi. Na saini."

Akamgeuzia karatasi. Jina lilikuwa lake. Saini haikuwa yake. Lakini ile V, yenye mkia unaorudi nyuma kama ndoano ya samaki, Victoire alikuwa ameipokea kwenye barua za kutoka Yanonge kwa miaka sita alipokuwa akisoma bwenini.

Hakumjibu afisa. Alikimbia. Alipita kwenye ubao wa kupandia akiwasukuma watu, akavuka magunia, mabeseni, mbuzi wawili na kwaya ya kanisa fulani, akapanda ngazi ya mbao hadi kwenye kibanda cha usukani. Akafungua mlango.

Nahodha aligeuka. Shati jeupe lililopigwa pasi. Juu yake, gilet la rangi ya machungwa.

"Mutoto yangu!" alisema papa Télesphore. "Nilitaka tukufanyie surprise."

Victoire aliufunga mlango nyuma yake.

"Directeur alinitumia mutu ku Yanonge, Alhamisi. Alisema: capitaine, binti yako iko chef kwetu, na boti inakungoja. Minne, Victoire. Miaka minne." Mzee alipitisha kiganja juu ya usukani kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. "Leo asubuhi alisema umechelewa sababu ya mvua, karatasi inahitaji saini yako. Alisema baba na mutoto ni damu moja. Nikakusainia."

Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi? Kwenye mafundisho ya Maître Carlos? Kwenye pipa?

"Papa," alisema Victoire, "finya gilet yako."

"Nini?"

"Finya. Fanya kama unaoshea nguo."

Mzee alicheka kidogo. Akaweka kiganja kifuani, akafinya. Akaacha. Akafinya tena, na safari hii kicheko kilikuwa kimekwisha. Kidole gumba chake kilikuwa kimezama hadi upande wa pili. Watu wa mto hawahitaji pipa.

"Zote?"

"Zote."

"Na mimi nilitia saini." Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Jina yako."

Akavua gilet, akalitupa sakafuni, akafungua dirisha. "Musiachie kamba! Tunashusha batu!"

Lakini kamba ilikuwa imekwisha achiwa. Pale gatini, Monsieur Arthur mwenyewe, kwa mikono yake iliyozoea kalamu, alikuwa ameifungua na kuitupa majini. Kando yake Maître Carlos alikuwa akipiga video na kupunga mkono. Injini ilikuwa ikiunguruma, mkondo ukaishika pua ya boti, na ukanda wa maji ya kahawia ukaanza kupanuka kati ya boti na nchi kavu.

Na hapo Victoire akatambua jambo dogo la kuchekesha. Kati ya wakubwa wote wa Bomoi Fluvial, hakuna hata mmoja aliyepanda.

"Ninarudi gatini," alisema papa Télesphore, akiuzungusha usukani. "Taratibu. Iko na watu ngapi?"

"Karatasi inasema mia moja na ishirini."

Mzee alitazama chini kwa dirisha, macho yakapita juu ya vichwa. "Ni mia na makumi ine, tena na batoto hawahesabie."

Simu ya Victoire ikalia. Alitazama gatini. Monsieur Arthur alikuwa na simu sikioni.

"Mademoiselle, naona boti inageuka. Kuna shida?"

"Tunarudi."

"Sikiliza muzuri, basi." Sauti ilikuwa ya upole, ile ile ya mahojiano. "Mukirudi, ninaonesha karatasi. Saini si yako, ni ya papa yako. Faux en écriture, saini ya uongo. Iko prison, mzee wa miaka yake! Mukiendelea, mangaribi muko Isangi, batu wanashuka, hakuna mutu anajua kitu. Chagua."

Victoire alimtazama baba yake. Mabega ya mzee yalikuwa yameegemea usukani, macho mbele, hajui ni nani anayeongea. Alikuwa amevaa saa yake ya kazini, ile iliyosimama siku nyingi.

Chini, Clovis alikuwa anafanya kazi yake kwa moyo wote. Alikuwa na kipaza sauti cha betri mkononi, chenye mdomo mpana. "Kila mutu avale gilet! Batoto kwanza! Musiogope, iko salama!" Mbele yake mke wake alikuwa akimfungia binti yao mishipi, na mtoto alikuwa akijitazama, amefurahi na rangi.

Victoire alishuka ngazi kwa hatua mbili. Akakichukua kile kipaza sauti kutoka mkononi mwa Clovis. Akaweka simu kwenye sauti kubwa, akaibana kwenye kipaza, akabonyeza kitufe.

"Monsieur le directeur," alisema, "rudilia kidogo. Moteur inapiga makelele, sikusikia."

Monsieur Arthur hakuwa mtu wa kuchoka kufafanua. Alirudia, tena kwa sauti zaidi, tena kwa maelezo.

"Nilisema, musirudi! Zile gilets ni ya photo, si ya maji! Sponji, ndiyo, sponji, na kisha? Bale batu walikuwa wanasafiri bila kitu, na hawakulalamika! Nani atawahesabia?"

Maneno yalipita juu ya magunia, juu ya kwaya, juu ya mbuzi, yakafika hadi nyuma kabisa kwenye mapipa ya mafuta. Hata gatini walisikia. Afisa wa zamu alionekana akisimama polepole kutoka kwenye meza yake. Maître Carlos akaacha kupiga video. Monsieur Arthur aliiondoa simu sikioni, akaitazama kama nyoka.

Kwa muda wa pumzi moja ilikuwa saa tamu kuliko zote katika maisha ya Victoire.

Clovis alikuwa amepiga magoti. Vidole vyake vilitafuta vifungo vya gilet la bintiye ili kulivua, vikikosa, vikirudi.

Kisha yule mwanamke wa bandarini, yule aliyembariki, akasimama, akanyoosha kidole kuelekea gatini.

"Ni ule! Muuaji! Ule kule!"

Na watu mia moja na arobaini, na watoto wasiohesabiwa, wakasimama wote kwa pamoja, wakakimbilia upande mmoja, ule wa kumwona vizuri Monsieur Arthur.

Boti ikainama.

"Mukae!" Sauti ya papa Télesphore ilitoka juu, sauti ambayo mto mzima uliijua, na ambayo kwa miaka thelathini haikuwahi kuvunjika. "Mukae chini! Mukae!"

Hakuna aliyekaa. Pipa la kwanza la mafuta likang'oka nyuma, likaanza kuviringika kuelekea upande ule ule waliko watu wote, na maji ya kahawia yakapanda juu ya ubao yakaingia ndani. Hapo tunakatia, msomaji, hadi juma lijalo.